Mstari wa Jando

Harufu ya udongo wa kichuguu uliolowa haifanani na ya udongo mwingine. Ina ubaridi ndani yake na utamu kidogo, kama mtungi uliokaa mkavu muda mrefu kisha ukatiwa maji. Juzi mjukuu wangu Shabani alipita kwangu hapa Kibaha akitokea bondeni kwetu, kule kando ya Mto Ruvu, ambako ameanza kujenga. Aliviacha viatu mlangoni vikiwa vimeganda udongo huo, akaja kuketi karibu yangu na kuanza kunieleza habari za msingi na matofali. Nilikuwa nikiitikia. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kunifikia, nami sikuwa tena kwenye kiti changu. Nilikuwa mbele ya ukuta wa nyumba ya Bibi, mikono imejaa tope hadi viwikoni, jua la kiangazi likinichoma kisogo.

Bibi alikuwa mama yake baba. Baba alikufa kwa homa kabla sijaijua sura yake, na mama akaolewa tena mbali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Aliniita mume wangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. "Mume wangu, niletee maji." "Mume wangu, yule kuku katoka tena." Nikimuudhi alisema atakwenda kwa kadhi kudai talaka yake, na mimi nililichukua jambo hilo kwa uzito, nikawa mtiifu hadi jioni.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imekaa pale ambapo ardhi huanza kuinuka kidogo kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Kwenye ukuta wa mbele, chini ya upenu, palikuwa na mistari mitatu ya chokaa, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima ulionyooshwa. Wa kwanza ulikuwa chini, kwenye goti langu. Wa pili ulinifika kifuani. Wa tatu ulikuwa juu ya kichwa changu, mahali ambapo Bibi akisimama ungemgusa kidevu. Siku moja nilimuuliza ni mistari ya nini. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua hata uso.

"Huo wa chini ni mwaka aliozaliwa baba yako," akasema. "Huo wa kati ni mwaka alioanza chuo kwa Mwalimu. Na huo wa juu ni mwaka alioingia jando."

Akapuliza pumba. Sikuuliza zaidi, kwa sababu mambo yalikuwa wazi. Mtoto mchanga ukimsimamisha ana urefu wa goti. Mtoto wa kuanza kusoma Kurani anafika kifuani pangu. Na mvulana wa jando, basi, alitakiwa awe mrefu kiasi kile. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa pale ukutani, akikua kutoka chini kwenda juu. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi nilikwenda kusimama kando yake. Niliegemeza mgongo kwenye udongo, nikaweka kiganja juu ya kichwa, kisha nikageuka polepole bila kukiondoa kiganja, nione nimebakiza kiasi gani. Ukuta ulikuwa wa baridi asubuhi, na nilipoweka shavu niliamini kuwa ubaridi ule ulikuwa wake.

Mwaka ule wavulana wa rika langu walikuwa wakisema kwamba mpunga ukishavunwa wataingia jando. Mimi niliambiwa nisubiri. Aliyenitia uchungu zaidi hakuwa mvulana, alikuwa Mwanahawa, mjukuu wa Babu Kibwana, mdogo wake Bibi, tuliyepakana naye. Mwanahawa alinizidi umri kidogo na maneno mengi.

"Wewe mume wa Bibi, utaingia jando gani na miguu ya kuku hiyo?"

"Mwakani nitaingia."

"Mwakani! Mwakani utakuwa bado unabebwa mgongoni. Wenzako watakuwa wanaume, wewe utachota maji na sisi."

Nilimrushia bonge la udongo, nikamkosa. Jioni nilikwenda ukutani, nikajipima tena. Kati ya kichwa changu na mstari wa jando palikuwa na nafasi ya mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hapo ndipo wazo liliponijia, taratibu na bila kelele, kama usingizi.

Kila kiangazi, kabla ya masika, Bibi aliisiriba nyumba upya. Tulichimba udongo wa kichuguu kilichokufa, tukaukanyaga kwa miguu pamoja na maji na majani makavu, kisha Bibi akaupaka ukutani kwa viganja, akiimba kitu kisicho na maneno. Mistari ilifunikwa pia, lakini haikupotea, kwa sababu kabla ya kusiriba tulichomeka kijiti kwenye kila mstari. Ukuta ukishakauka, mstari ulichorwa upya pale penye kijiti, na kijiti kikachomolewa. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo kazi ya vijiti ilikuwa yangu. Alinikabidhi kwa furaha, akisema mume anayejua kazi za nyumbani ni bahati.

Nilikichomeka kijiti cha chini mahali pake. Nikakichomeka cha kati mahali pake. Cha juu nilikichomeka usawa wa paji la uso wangu.

Sikuona kwamba nafanya ubaya. Nilidhani namwomba baba asogee kidogo, aniinamie.

Ukuta ulikauka, nikaichora mistari kwa chokaa, na nyumba ikanukia upya. Siku iliyofuata alikuja Babu Kibwana kutujengea dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kwingine watu hukitumia kulindia mpunga usiliwe na ndege. Kwetu kilikuwa pia nyumba ya pili, ya siku ambazo mto unatoka njiani. La zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Babu Kibwana alikuwa fundi wa madungu bonde zima, mtu mwembamba, mwenye mikono mirefu aliyoitunza kama vyombo vya kazi. Nilimwona akishika kamba, akaweka ncha moja chini ukutani na kuivuta hadi mstari wa juu. Kisha akaongeza dhiraa yake moja, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, akapiga fundo. Kamba ile ile akaipeleka kwenye nguzo, na pale fundo lilipofika ndipo alipoweka sakafu ya fito.

"Mbona mwaka huu hupandi ngazi ndefu, Babu?" Mwanahawa alimuuliza.

"Mimi sijengi kwa macho yangu, najenga kwa kamba," akajibu. "Macho hudanganya. Kamba haina rafiki."

Alijivunia sana kamba ile. Nilimpelekea maji ya kunywa, akanishukuru, akanipiga kikofi kidogo cha mapenzi kisogoni.

Baada ya hapo Bibi akaanza kupandisha vitu juu. Nilipenda siku zile kuliko sikukuu. Tulipandisha mafiga matatu na kuni zilizokauka, mtungi wa maji na kifuniko chake, makopa ya muhogo, chumvi kwenye kibuyu, kiberiti ndani ya kopo lililozibwa kwa nta, tenga la kuku. Mwisho tulipandisha magunia mawili ya mbegu ya mpunga, na hayo Bibi aliyapangia mahali pake kabla ya kitu kingine chochote. Mpunga uliokuwa shambani, aliniambia, mto ukitaka utauchukua. Lakini maji yakirudi huacha tope zuri jeusi, na mwenye mbegu mkononi siku ile ndiye atakayekula. Asiye na mbegu huhama.

"Sasa mvua ikinyesha sana tutapanda juu?" niliuliza.

"Mvua yetu haina neno. Maji ya Ruvu huja na mvua ya watu wengine, kule milimani. Hapa kutakuwa na jua."

Na kweli palikuwa na jua. Nikiukumbuka ule mwaka, hicho ndicho kitu kinachonirudia kwanza, mwanga. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mbingu imeoshwa, na maji yakaingia shambani bila sauti yoyote, yakipita kati ya mashina ya mpunga kama watu wanaoingia msikitini baada ya wenzao kuanza kusali. Mpunga haukulala. Ulibaki umesimama, ukipungua urefu. Panzi na sisimizi walipanda kwenye masuke hadi masuke yakainama. Nyoka mmoja alijizungusha juu ya uzio wetu, na hakuna aliyemjali, naye hakumjali mtu. Bibi alifunga mlango wa nyumba kama anayekwenda sokoni, akachukua kanga zake, tukapanda dungu.

Siku ya kwanza nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nyumba yetu ilisimama kwenye maji na nyingine, kivuli chake majini, imening'inia kichwa chini, paa lake katikati ya mawingu. Samaki wadogo walipita mahali nilipozoea kufagia. Tulipika chai angani. Jogoo aliwika ndani ya tenga, na majogoo wengine wakamjibu kutoka kwenye madungu ya mbali, nami nikaona kwamba dunia yote imehamia juu na kwamba ingekuwa vizuri tukiishi hivyo siku zote. Bibi alikaa ameegemea magunia yake, akitazama upande wa nyumba kwa macho yasiyofika.

"Mume wangu," akaniita, "hebu angalia ukutani. Maji yamepita mwaka aliozaliwa baba yako?"

Nikaangalia. "Yameufunika, Bibi."

"Na mwaka wa chuo?"

"Bado kidogo. Kama kiganja."

Akahesabu kitu kimoyomoyo. Mimi nilibaki nikiutazama mstari wa kati ukitetemeka juu ya maji, na taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa kuguswa bega, nikaanza kuelewa.

"Bibi, kwani ile mistari ni ya maji?"

"Ulidhani ya nini?"

"Ya baba. Urefu wake."

Alicheka hadi dungu likatikisika na kuku wakapiga kelele. Alicheka akishika mbavu, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaanza tena. "Baba yako! Baba yako alikuwa mfupi, mume wangu. Mfupi kama wewe. Alipoingia jando walimtafuta kwenye mstari wa wenzake hawakumwona." Kisha akatulia, akaniambia kwa upole kwamba maji huacha rangi ukutani, na ukiichora rangi ile haisahauliki, na kwamba yeye hakujua kuhesabu miaka ila kwa mtoto wake. Mwaka wa jando ndio ulikuwa mkubwa kupita yote. Maji yalifika pale, yakasimama siku moja, yakarudi. "Kwa hiyo usiogope. Yakifika jando, yameishiwa nguvu."

Mimi sikuwa nikicheka.

"Bibi," nikasema, "ule wa jando niliushusha."

Akageuza uso wake kwangu. Nilingoja kofi au kilio. Alichosema ni neno moja la kazi, kama fundi anayeuliza kipimo.

"Kiasi gani?"

Nimeishi miaka mingi, na nimeulizwa maswali mengi na watu wenye vyeo. Hakuna swali lililohitaji ukweli mtupu kama lile. Nilitakiwa kukunja mkono tu, nimwonyeshe kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Lakini mkono uliona haya. Nikainua kiganja, nikakunja gumba.

"Vidole vinne," nikasema.

Bibi akavipapasa vidole vyangu kimoja baada ya kingine, kwa kuwa hakuviona vizuri. Uso wake ukalegea. "Vidole vinne si neno," akasema. "Utanipikia chai wiki nzima, hiyo ndiyo adhabu yako."

Alasiri Babu Kibwana alikuja na mtumbwi wake, akisukuma kwa upondo, amesimama wima nyuma yake kama anatembea juu ya maji. Wajukuu zake alikuwa amekwisha kuwafikisha kwenye tuta la reli, ambako ardhi ilikuwa kavu.

"Dada, shusha mume wako na magunia. Nawapeleka relini."

"Kule ng'ambo ya mfereji yupo yule mwanamke mwenye mimba na watoto wake," Bibi akajibu. "Dungu lao limeegemea. Umewachukua?"

"Bado."

"Anza na wao. Sisi tuna nafasi."

Babu Kibwana alitazama maji, akatazama sakafu yetu. "Una hakika, dada? Mimi naona kama yapo karibu."

"Si ulisema macho hudanganya?" Bibi akacheka. Kisha akageuka kwangu, na sauti yake ikashuka. "Mume wangu. Ulisema vidole vinne?"

Lile lilikuwa lango la pili, nalo lilikuwa wazi kabisa. Mtumbwi ulikuwa mtupu. Magunia yalikuwa makavu. Babu Kibwana alikuwa ameshika nguzo ya dungu kwa mkono mmoja, akiningoja.

"Ndiyo, Bibi."

"Nenda, Kibwana. Utatukuta."

Akaenda. Ncha ya upondo wake ilidondosha matone yenye mwanga, na nikayatazama hadi alipoingia kwenye matete.

Jua lilipokuwa linatua maji yalikuwa yamefika kwenye mstari wangu wa uongo, yakaupita bila kusita. Bibi aliuliza, nikamjibu. Akahesabu vidole vinne, akasema sasa yamefika jando lenyewe, sasa yatasimama. Hayakusimama, kwa sababu jando lenyewe lilikuwa bado mbali juu. Alfajiri nilihisi fito zikiwa na baridi chini ya mgongo wangu. Maji yalikuwa yanapanda katikati ya fito mbili, kidogo kidogo, kama ulimi wa ng'ombe. Bibi alikuwa ameketi juu ya magunia, mimi nimelipakata tenga la kuku. Gunia la mpunga likinywa maji hutoa mlio mdogo. Nausikia hadi leo nikiwa mahali palipo kimya.

Babu Kibwana alipofika, maji yalikuwa yamefunika sakafu shubiri nzima. Alitupakia sisi na kuku. Bibi aliyashika magunia akakataa kuyaachia.

"Dada, yameshakunywa. Nikipakia hata moja tunazama sote."

"Ni mbegu ya mama yetu, Kibwana."

"Najua ni ya nani."

Bibi alichota mbegu ya mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga, ndiyo aliyoshuka nayo.

Tuliishi kwenye tuta la reli hadi mto uliporudi. Watu walikuwa wamechangamka kwa namna ya ajabu, wakipika pamoja, wakitaniana, watoto wakikimbia juu ya kokoto. Siku maji yalipoanza kushuka, wanaume walikwenda na mtumbwi wakayaleta magunia yetu. Bibi aliyamwaga juu ya mikeka. Mbegu zilikuwa zimeota. Kila punje ilikuwa na uzi mweupe, na nyuzi zile zilikuwa zimeshikana, safi kama pamba, zikitafuta shamba ambalo lilikuwa bado chini ya maji. Zilikuwa nzuri sana. Kufikia jua kali la pili zilikuwa zimenyauka na kuanza kunuka.

Hapo ndipo Bibi alipomgeukia mdogo wake, mbele ya watu wote.

"Kibwana, ulipima kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wangu, dada. Mkono huu huu."

"Mtoto alishusha mstari vidole vinne tu, kanieleza mwenyewe. Vidole vinne ningevimudu. Maji yamenipita shubiri juu ya sakafu. Sasa hicho kilichobaki kimekwenda wapi?"

"Mimi niliongeza dhiraa nzima. Wallahi niliongeza."

"Basi mkono wako umefupika."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wanapotaka ugomvi uishe. Babu Kibwana hakucheka. Aliunyoosha mkono wake mbele ya uso, akautazama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama mtu anayeambiwa habari za mwanawe asizoweza kuziamini. Mimi nilikuwa nimeketi kati yao, mdomo umejaa muhogo wa kuchoma. Nilitafuna. Nilimeza. Nikaomba mwingine.

Nyumba ilikuwa imeanguka, ukuta na mistari yake yote, kwa hiyo hapakubaki kitu cha kubishania. Majirani walimpa Bibi mbegu, huyu kopo, yule kopo, lakini mwaka ule kila mtu aligawa alichohitaji mwenyewe, na shamba letu lilipandwa pembe moja tu. Kabla ya mavuno nilipelekwa Kisarawe kwa shangazi. Bibi alinifuata baadaye. Kule kwenye vilima vya mikorosho hakuna mto unaotoka njiani, na Bibi hakuzoea. Mawingu yakitanda upande wa milima ya mbali alitoka nje, akageuza uso, akanusa hewa, akaniuliza kama naona kitu. Shangazi alisema mama anapoteza akili. Mimi nilijua anafanya kazi yake, isipokuwa hapakuwa tena na nyumba ya kuifanyia.

Nilisoma Kisarawe hadi nikamaliza sekondari. Darasani niliwahi kuchora bonde la mto likikatwa ubavuni, na maji yakipanda juu ya kingo, na mwalimu akaninyanyulia daftari wenzangu waone. Nilipokea sifa zile. Usiku ule Bibi aliniuliza tumesoma nini, nikamwambia hesabu. Alikufa akiamini vidole vinne, na akiamini kwamba mdogo wake alimjengea chini. Walisalimiana kwenye misiba, shikamoo na marahaba, basi.

Babu Kibwana hakujenga dungu tena. Waliomwomba aliwaambia watafute fundi mwenye mkono. Vijana wake walijenga kwa kukadiria, na waliofuata hawakujenga kabisa. Nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi na familia, nilimweleza Mwanahawa yote. Nilitegemea atanitukana kama zamani. Alikuwa akichambua mboga, aliendelea kuchambua.

"Mume wa Bibi," akasema mwishowe, "unajua babu alivyokufa? Alikuwa akija mgeni, anamwomba anyooshe mkono. Anauweka wake pembeni. Anapima. Kila mgeni. Sisi tulidhani ni uzee."

Kwa muda mrefu nimeliacha neno hilo mahali pake na kulizunguka. Nimekuwa mwepesi wa kuzunguka.

Ndiyo maana Shabani alipomaliza habari za matofali na kuuliza, huku akijinyoosha aondoke, "Babu, wanasema zamani maji yalikuwa yanafika kule. Lakini ni kidogo tu, siyo?" nilimwambia anipeleke kwa pikipiki yake.

Tulifika mchana. Kiwanja kipo hatua chache kutoka mahali ilipokuwa nyumba ya Bibi. Niliitambua ile ardhi kwa namna inavyoinuka, kidogo, kama pumzi. Mafundi walikuwa wamesimamisha nguzo moja ya zege. Mvulana mdogo wa Shabani alikuwa akicheza kwenye udongo. Shabani ni mrefu, amerithi kwa upande wa mke wangu. Nikamwambia asimame, aegemeze mgongo kwenye nguzo.

"Babu, umeanza kunipimia sanda?" akasema, na mafundi wakacheka.

"Simama wima."

Niliinua kiganja. Nililazimika kujinyoosha. Nikakiweka kwenye paji la uso wake, juu kidogo ya nyusi, kisha nikamwambia atoke, nikaishika alama ile pale pale kwenye nguzo kwa kidole, na fundi mmoja akanichorea kwa saruji.

"Hapo," nikasema.

Kicheko kilikwisha. Shabani alitazama alama, akatazama msingi wake, akamtazama mwanawe. "Hapo, Babu? Hapo ni utosini kwa mke wangu. Hapo ni juu kabisa ya huyu mtoto."

"Hapo. Na siku hiyo palikuwa na jua."

Upepo ulileta harufu ya mto. Nilimwambia kama ana moyo wa kuhama, ahame, na kama hana, basi ajenge nyumba yake anavyotaka lakini ndani yake aweke mahali pa kupanda yeye na watoto na chakula chao, imara, pasipotikisika.

"Juu ya hiyo alama?"

"Juu yake."

"Kiasi gani?" akauliza. Akainua kiganja chake na kukunja gumba, uso wake ukiniomba. "Hivi vinatosha?"

Nikakishika kiganja kile, nikakishusha taratibu. Nikaukunja mkono wangu mwenyewe mbele yake, nikamwonyesha kiwiko, nikatembeza kidole hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nzima, nikamwambia, na nikamweleza ni kipimo cha nani. Kisha nikamwambia apime kwa mkono wake na si kwa wangu, kwa sababu wangu ndio uliofupika. Wa Babu Kibwana haukuwahi kufupika.